Nyekundu Iliposhuka Mstari

Picha ambayo Kisilu alimtumia Ndila asubuhi ile ilikuja na ujumbe mfupi: "Madam, hii tebo imepinda kidogo. Mistari inakatika. Ukipata nafasi utuangalilie."

Ndila aliusoma akiwa amesimama, akingoja maji ya chai yachemke. Alikuwa na kiofisi ghorofani karibu na soko la Marikiti mjini Machakos, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandaoni za maduka, shule na makanisa. Ukurasa wa ghala la mahindi la wakulima huko Muthetheni aliutengeneza mwaka uliotangulia. Kisilu ndiye mtunza ghala, mtu mpole asiyependa kusumbua watu. Ndila alitaka kumjibu kwamba ataangalia Jumatatu, kwa sababu mistari iliyopinda haimuumizi mtu.

Lakini aliitazama ile picha mara ya pili, na mkono wake ukaacha kikombe.

Ukurasa wenyewe ulikuwa jedwali tu. Wakulima wakileta mahindi, yalipangwa kwa marundo, na kila rundo likapimwa kama lina sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi yakinyeshewa au yakihifadhiwa mabichi. Haionekani kwa macho, na kuichemsha hakuiui. Ukambani mtu mzima haelezwi habari zake, maana watu wanakumbuka miaka iliyozika jamii nzima. Rundo likiwa safi, mstari wake kwenye jedwali unakuwa kijani. Likiwa na sumu, mstari unakuwa mwekundu.

Mwanzoni palikuwa na namba pia, kipimo chenyewe, mwisho wa kila mstari. Meneja wa ghala, Bartholomew, ndiye aliyetaka iondolewe kwenye simu. "Skrini ni ndogo, na watu wa ghala hawana haja ya kusoma hesabu," alisema. "Wape rangi. Kijani toa, nyekundu funga." Ndila akaificha. Hata yeye aliona ni wazo zuri.

Sasa alifungua ukurasa uleule kwenye kompyuta yake, akaiweka simu kando ya kioo, akalinganisha. Kikundi kimoja cha wakulima kiitwacho Wendo kilikuwa kimeleta marundo mawili, kwa hiyo jina lake liliandikwa mara moja, kwenye kisanduku kimoja kirefu kilichoshika mistari miwili. Kwenye kompyuta, rundo la kwanza la Wendo lilikuwa jekundu na la pili kijani. Kwenye simu ya Kisilu, la kwanza lilikuwa kijani. Nyekundu ilikuwa imeshuka mstari mmoja.

Ndila alikagua msimbo wake neno kwa neno. Haukuwa na kosa. Kivinjari cha simu ya Kisilu, ile programu ya kufungulia kurasa, katika toleo lake jipya kilikosea mahali pa kupaka rangi kila kilipokutana na kile kisanduku kirefu. Hakikutoa onyo lolote. Kilipaka vizuri kabisa, mstari usiokuwa wake.

Akampigia.

"Kisilu, simu yako inaonyesha hivi tangu lini?"

"Tangu ijiapdeti. Muda kidogo. Si ni mistari tu, madam?"

"Rundo la kwanza la Wendo liko wapi?"

"Hilo lilitoka. Si liko kijani?"

"Lilienda wapi?"

Ndila alisikia mlango wa bati ukigongwa na upepo upande wa pili wa simu.

"Kwa kina Ndambuki," Kisilu alisema. "Wako na matanga. Wamekuwa wakilila tangu mzee alale. Leo ndiyo wanazika."

Ndambuki alikuwa mfanyabiashara wa mbao, na alikufa ghafla. Mdogo wake mmoja alikuwa akifanya kazi Uarabuni, basi mwili ukakaa mochwari ukimsubiri, na siku zote hizo jamaa na majirani walikuwa wakifika jioni kwa maombi na kula kabla ya kutawanyika. Hayo yote Kisilu aliyaeleza kwa sauti iliyozidi kushuka.

"Nenda sasa hivi," Ndila akamwambia. "Waambie wasile. Waambie mahindi yana sumu."

"Madam, hapo kwa Ndambuki?" Kisilu alicheka kicheko kikavu. "Hujui maneno ya hapo. Mzee alitapika damu usiku mmoja, asubuhi hayuko. Daktari alisema ni vidonda vya tumbo, lakini ndugu yake, Henry, anasema ni huyo bibi, huyo wa kutoka Ndithini. Anasema alimwekea kitu. Mimi nikisimama hapo niseme sumu, wewe unafikiria nini kitafanyika?"

Ndila alimpigia Bartholomew pia. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeambiwa.

"Usitamke hilo neno," alisema. "Sema magunia yalichanganywa, tunayabadilisha. Tukishapima tena ndiyo tutajua la kusema. Hizo rangi ni zako, Ndila, kumbuka hilo."

Ndila alifunga ofisi bila kunywa chai.

Alipofika Muthetheni jua lilikuwa limefichwa na wingu zito lisilokuwa na mvua. Boma la Ndambuki halikuhitaji kuulizwa. Hema nyeupe zilionekana tangu barabarani. Watu walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, jeneza likiwa limewekwa mbele, na mchungaji alikuwa bado hajaanza. Ndila alipita pembeni mpaka nyuma ya nyumba, kulikokuwa na moshi.

Masufuria makubwa yalikuwa yamepangwa juu ya mafiga, muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa kutoa maganda, ukitokota na maharagwe. Wanawake waliupindua kwa miiko mirefu kama makasia. Chini ya mti kuku walikuwa wakidona pumba za mahindi yaliyotwangwa. Wawili kati yao hawakuwa wakidona. Walikuwa wamekaa tu, mabawa yameanguka, macho yamefumba.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, karibu," alisema mama mmoja mzee aliyeketi kwenye kiti kifupi karibu na moto. Jina lake lilikuwa Kalunde, shangazi wa marehemu, na ndiye aliyesimamia upishi. "Umetoka mbali? Kuna chai hapo."

"Asante, mwaitu. Nimetoka mjini. Natafuta mwenye boma," Ndila alisema, akimwita mwaitu, mama, kwa heshima.

"Mwenye boma ndiye tunamzika," Kalunde alisema, akatabasamu kidogo. "Subiri niite bibi yake."

Kavindu alikuja akiwa amejifunga leso nyeusi, mwanamke mrefu wa makamo, uso umekauka kwa kulia. Nyuma yake alifuata mwanamume mnene mwenye koti la suti, na Ndila akajua kwamba huyo ndiye Henry. Inaonekana Kavindu hakuwa akiachwa azungumze na mtu peke yake.

Ndila akajaribu kusema alivyoambiwa na meneja. Akasema anatoka upande wa ghala, kwamba magunia yalichanganywa kwa bahati mbaya, kwamba yatabadilishwa bure, na kwamba ingekuwa vizuri chakula hiki kisigawiwe.

Henry alimtazama tangu viatu mpaka kichwa.

"Yaani umekuja kuchukua chakula kwenye matanga? Watu wanatoka mpaka Katelembo kumzika ndugu yangu, walale njaa kwa sababu magunia yamechanganywa? Kuja kesho, dada. Kesho uchukue hata sufuria."

"Kesho itakuwa kuchelewa."

"Kuchelewa kwa nini?"

Kalunde alikuwa ameinuka ili kuonja, kama alivyokuwa akionja kila jioni tangu matanga yaanze. Alichota kwa mwiko, akapuliza, akageuza uso kukwepa moshi, na mwanga ukamwingia machoni. Weupe wa macho yake haukuwa weupe tena. Ulikuwa wa manjano, rangi ya kiini cha yai.

"Mwaitu, weka mwiko chini!" Ndila alipaza sauti. "Msile! Haya mahindi yana sumu!"

Wanawake wote wakageuka. Ile sauti ilipita ukuta wa nyumba ikafika hemani. Kisha viti vikaanza kusikika vikisukumwa.

Henry hakupaza sauti yake. Hilo ndilo lililomtisha Ndila zaidi.

"Sumu," alisema taratibu, kama mtu anayeonja neno. Akamgeukia shemeji yake. "Nani alienda kuchukua haya magunia ghalani?"

Kila mtu alijua. Ni Kavindu aliyekwenda, yeye ndiye aliyepokea na kupakia kwenye pikipiki.

"Alianza na bwanake," mtu alisema kutoka nyuma. "Sasa alitaka kumaliza ukoo." Na sauti ya mwanamke ikatamka lile neno la Kikamba ambalo huwa halitamkwi kwa nguvu, uoi, uchawi, na likapita kutoka mdomo hadi mdomo.

"Hapana!" Ndila alijisukuma mbele ya Kavindu. "Huyu mama hana makosa. Alipewa mahindi na mtunza ghala, na mtunza ghala alifuata tebo. Tebo ndiyo ilikosea."

"Meza?" Henry aliuliza. "Meza imetia mahindi sumu?"

"Si meza. Ni jedwali, kwenye simu. Rangi ilishuka mstari. Rundo baya likaonekana zuri."

Alijisikia akizungumza, na akasikia jinsi maneno yake yalivyokuwa mepesi mahali pale, mbele ya jeneza. Vijana waliochimba kaburi walikuwa wamesogea, udongo mwekundu umekauka miguuni, majembe mikononi. Mmoja alimshika Kavindu leso. Kavindu hakujitetea wala kukimbia. Alisimama kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo tangu mumewe alipofumba macho.

Wakati huo Kisilu akatokea kwenye ua. Alikuwa amesimama nje ya boma muda wote, akijishauri, mpaka aliposikia kelele. Alipita katikati ya watu akiwa ameinua simu yake juu.

"Ni mimi niliyatoa," alisema. "Mniulize mimi. Mama huyu alikuja akasema nipe mahindi, nikamwonyesha rundo. Hakulichagua yeye."

Ndila alichukua simu ya Kisilu, akaiweka kando ya yake, ambayo ilikuwa haijajiapdeti, zote mbili kwenye ukurasa uleule. Akamshikia Henry mbele ya macho. Kwenye moja nyekundu juu, kwenye nyingine nyekundu chini. Watu walisongamana kuchungulia juu ya mabega.

Henry alitazama kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga. Ndila aliona kwamba ameelewa.

"Simu yako na simu yake," alisema mwishowe. "Moja inasema hivi, moja inasema vile. Nani atatuambia ipi inasema ukweli? Wewe?"

Namba ingetosha. Namba moja tu, mwisho wa mstari, ingeonekana ileile kwenye simu zote mbili. Ndila alianza kuitafuta kwa haraka, lakini mtandao ulikuwa ukikatika, kigurudumu kikizunguka na kuzunguka, na watu hawakuwa wakitazama simu tena.

Aliyesema ni Kavindu.

"Wekeni gunia moja," alisema, akiwa bado ameshikwa leso. "Mchungaji akae nalo, lipelekwe Machakos lipimwe na watu wengine, si hawa. Yaliyobaki yachomwe hapa mkiona. Na huyu mama yetu," akamwonyesha Kalunde, "apelekwe hospitali sasa hivi. Mimi mnaweza kunishika baadaye. Siendi mahali. Bwanangu bado hajazikwa."

Mchungaji, ambaye mpaka hapo alikuwa akisema "jamani, jamani" bila kusikika, alilikamata hilo kama mtu aliyetupiwa kamba. Akaamuru masufuria yamwagwe. Wanawake waliyapindua moja baada ya jingine, muthokoi ukamwagika kwenye shimo la taka ukitoa mvuke, na mama mmoja akawafukuza kuku kwa kitambaa huku akilia. Ndambuki alizikwa na watu wenye njaa, kwa sala fupi. Wengi waliondoka kabla udongo haujasawazishwa.

Kalunde alipanda gari kwa miguu yake mwenyewe. Alimshika Ndila mkono dirishani.

"Nilidhani ni malaria," alisema. "Mwili ulikuwa mzito, chakula hakipiti. Lakini mpishi asipoonja, wageni watasema nini?"

Ndila alimtembelea hospitalini mara nyingi. Kila alipokwenda, tumbo la mama yule lilikuwa limejaa zaidi na mikono yake imekonda zaidi. Madaktari walisema ini limechoka. Wengine waliokuwa wakila jioni za matanga waliugua pia, vijana wawili wa kuchimba kaburi na mtoto wa jirani, lakini hao walipona. Kalunde hakupona. Alikufa kabla ya mvua za vuli, akiwa usingizini, na Ndila alipata habari kutoka kwa Kisilu kwa ujumbe wa neno moja: "Amelala."

Gunia lilipimwa. Matokeo yalisema kile ambacho kompyuta ya Ndila ilikuwa ikisema tangu mwanzo, kwamba lilikuwa na sumu nyingi. Ndila alidhani karatasi hiyo ingemaliza maneno. Haikumaliza. Ilisomwa kanisani, na watu walichokisikia ni kwamba mahindi aliyoleta Kavindu yalikuwa na sumu kweli, na serikali yenyewe imethibitisha. Duka la mbao lilifungwa kwa kufuli mpya ambayo Kavindu hakupewa ufunguo wake. Asubuhi moja alikuta majivu na manyoya ya kuku mlangoni. Alifungasha vitu vyake akarudi kwao Ndithini na binti zake wawili.

Ndila alirudisha namba kwenye jedwali siku ileile ya mazishi, kubwa na nyeusi, na akakigawa kile kisanduku kirefu ili kila mstari usimame peke yake. Aliwaandikia wenye kivinjari, akaambatanisha picha zote mbili. Jibu lilikuja la adabu. Hitilafu inajulikana, lilisema, na itarekebishwa katika toleo fulani lijalo. Kwa sasa imewekwa nyuma ya nyingine kwa kuwa inaathiri mwonekano tu.

Alikuwa anajua kwamba kuna maghala mengine, na zahanati, na wauza dawa, wenye majedwali yao na rangi zao kwenye simu zinazojibadilisha zenyewe usiku. Aliwapigia aliowafahamu. Wengine walimshukuru. Mmoja alimwambia kwake kila kitu kiko sawa, ameangalia, hakuna mstari uliopinda.

Mwaka ulipokaribia kuisha, ukoo wa Ndambuki uliitisha kikao katika ofisi ya chifu, na Ndila akaomba asikilizwe. Bartholomew alikataa kwenda. Kisilu alienda. Safari hii Ndila hakubeba simu. Alibeba madaftari mawili ya kuchorea ya watoto, akachora jedwali lilelile mara mbili kwa kalamu za rangi, akawapitishia wazee mkononi, akaeleza polepole, akijibu kila swali hata lililorudiwa. Alieleza kwamba mahindi yaliletwa baada ya Ndambuki kufa, hivyo hayangeweza kumuua. Kisilu alisema tena kwamba yeye ndiye aliyelitoa rundo. Henry aliuliza maswali machache, kisha akakaa akitazama sakafu. Jioni wazee walitamka kwamba Kavindu hakuwa na hatia, kwamba duka ni la watoto wake, na kwamba anaweza kurudi bomani kwake wakati wowote.

Ndila ndiye aliyebeba habari hiyo mpaka Ndithini. Alimkuta Kavindu shambani kwa mama yake, akipalilia kunde, amekonda, na leso ileile nyeusi kichwani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuliacha jembe.

"Wamesema hivyo wote? Na Henry?"

"Na Henry. Alinyamaza, lakini hakupinga."

Kavindu alipiga jembe mara mbili tatu, akaokota magugu, akayakung'uta udongo.

"Ni vizuri," alisema. "Wasichana watapata haki yao. Utawaambia nimeshukuru."

"Kwa hivyo utarudi?"

Kavindu alinyoosha mgongo, akatazama upande wa Muthetheni, ambako vilima vilikuwa vimeanza kuwa vya bluu.

"Nirudi nipikie nani, Ndila?" aliuliza. "Watanikaribisha, najua. Watakaa mezani kwangu na watasema asante. Lakini sahani nikiiweka mbele ya mtu, nitamwona akingoja mimi nianze kula."